Usije Mwezi Ukiwa Mpevu

Ukitaka kutazama, usije mwezi ukiwa mpevu.
Utakuta sahani ya bati imeanikwa,
mwanga mtupu, hauna neno.
Njoo siku ya saba, ya nane,
jua likiupiga ubavuni
na kila ukingo ukitupa kivuli
kirefu kuliko kimo chake.

Darubini yenyewe usiicheke.
Ni bomba la maji machafu, inchi sita,
masalio ya choo cha wapangaji.
Kioo nilikisugua mwenyewe juu ya pipa la mafuta,
mchanga, maji, kioo juu ya kioo,
nikilizunguka pipa hatua kwa hatua
tangu mahindi yakinifika magotini hadi yalipovunwa.
Mke wangu alipiga hesabu:
"Kwa mwendo huo ungekuwa Eldoret,
na bado uko uani."

Jana stima ilipotea Kiamunyi nzima.
Majirani walilaani. Mimi nilishukuru kimoyomoyo,
maana taa ya lango la Bwana Lagat
imenila nyota nyingi kuliko mawingu.
Nikaiburuta darubini hadi kati ya tangi na kamba ya nguo,
nikaanua shuka mbili,
nikaweka jicho.

Kwanza ukungu.
Kisha kope zangu mwenyewe.
Kisha, nikigusa skrubu kwa ncha ya kidole,
ukingo, ukuta,
shimo, na shimo ndani ya shimo,
na katikati kilima kimoja, kilele kimeshika moto
ilhali miguu yake ingali usiku.
Kule kulikuwa kunapambazuka,
asubuhi isiyo na jogoo wala wa kuamshwa.

Nyuma yangu, Menengai, giza juu ya giza.
Utotoni tulikuwa tukisimama mdomoni pake
tukirusha mawe, tukitega sikio yafike chini.
Hatukuwahi kusikia.
Letu lilipasuka kutoka ndani, kwa moto.
Yale ya juu yalipigwa kutoka nje, kwa mawe.
Ukiwa mbali vya kutosha
huwezi kujua lipi ni lipi.

Nyaguthii, muuza maziwa, akapenya ua na tochi
kuuliza nani anaiba maji.
"Zima hiyo tochi," nikasema, "uone."
Akainama, mkono mmoja umeshika leso.
Akanyamaza muda mrefu, yeye asiyenyamaza.
"Umeondoka!"
"Haujaondoka. Ni sisi tunaozunguka."
Nikalisukuma bomba kidogo, ukarudi.

Nyaguthii uso wake una vishimo,
tetekuwanga ya darasa la nne, wiki tatu bila dawa.
Jicho bado liko kwenye darubini, akasema:
"Kuna mwanamume aliniambia
mimi siwezi kuitwa mwezi."
Akacheka, akaligonga bomba kwa paji la uso,
na mashimo yote kule juu yakatetemeka.
"Huyo hakuwahi kutazama."

Sikujua nijibu nini.
Nikamtafutia kasoko nyingine, kubwa zaidi,
yenye kuta za ngazi ngazi,
nikamwambia ingemeza Nakuru yote na ziwa lake
na bado ibaki na nafasi ya Njoro.
Akasema, "Na Lagat?"
Nikasema hata Lagat.

Stima ikarudi. Mbwa wakabweka
kana kwamba mwanga ni mwizi.
Mwezi ukafifia, ukawa tena
kitu cha kila mtu.
"Kesho nije?"
"Njoo, lakini vivuli vitakuwa vimesogea.
Kilima ulichokiona hutakikuta vile."
"Basi nitaona kingine," akasema, akapita uani palepale.

Asubuhi, kwenye kijioo cha kuwekea jicho,
nikakuta alama ya kidole chenye mafuta ya kukamulia,
duara ndani ya duara ndani ya duara.
Nimeifuta. Kioo ni kioo.
Ila nilingoja hadi saa nne.