Anguka Tena

Hunijui. Mimi ndiye ninayeshika simu.
Unamjua kaka yangu, Ambakisye,
yule wa kitenge cha mama na kifua cha matambara,
anayedai chenji ya mwaka juzi dukani.

Siku ile Uyole hatukupanga kitu.
Mvua ya Machi, gunia la viazi begani,
tope likammeza mguu
akashuka mzimamzima kama mkungu wa ndizi.
Nilicheka. Picha ikatikisika. Sikuzima.
Watu laki nne walitazama kabla ugali haujaiva.
Bega lilikuwa limeteguka.

Sasa akipita Mwanjelwa, watoto nyuma:
"Anguka tena!"
Anaanguka. Sokoni, hata matangani,
hata mlangoni kwa kina Tusekile
alikopeleka barua ya posa.
Pale aliteleza kweli.
Wazee wakashika mbavu; barua haikusomwa.

Usiku, baridi imekamata mabati,
namkanda bega kwa maji ya chumvi.
"Leo wangapi?"
Namtajia. Ananyamaza.
"Na bando?"
"Lipo la kesho."

Kesho tutarudi palepale penye tope.
Nimeshajifunza
kucheka bila kutikisa mkono.