Zamu ya Usiku, Mji wa Hali

Wenyeji huimeza h ya mji wao,
kisha wanaufunga kwa l, kama mlango uliorudishwa.
Mimi sikuweza. Wiki ya kwanza tu nilitia i.
Sasa wa Kwale wakinipigia, "U hali gani?"
nawajibu, "Niko Hali, na hali ni baridi."

Saa nane za usiku, chumba cha kufulia cha hospitali,
tunakunja shuka, Nyaradzo wa Masvingo na mimi,
ncha kwa ncha, konsonanti kwa irabu:
ma-shu-ka. Hakuna pindo linaloning'inia.
"Moto," nasema. "Moto," anasema.
"Nyama." "Nyama."
"Nyoka." Anaruka kando, tunacheka.
"Nyumba?"
"Imba."
Nikadhani ananiamuru niimbe.
Akasema kwao ni yote mawili.

Mashine inapumua mvuke.
Neno la hawa watu la mvuke lina s na t
zimekabana mlangoni. Kwa kina Nyaradzo
lilivishwa chi, likawa chitima, likapanda reli.
Kwetu likabaki stima, ikikatika twatafuta mshumaa.
Sisi Waswahili tumezoea wageni,
huwapokea na mizigo yao.

Msimamizi wetu ni Bwana Strickland:
konsonanti nane, irabu mbili,
watoto wanane chini ya mablanketi mawili.
Huniita Emkasi.
Yeye, ambaye kwao irabu hutolewa kwa kupimiwa,
ananiongezea moja nisiyoiomba!
Jina langu Mkasi. M yangu husimama yenyewe.

Nyaradzo huniita Mukasi.
Mara ya kwanza nilifungua kinywa nimsahihishe,
nikakumbuka: mtu, kwao munhu,
na Wadigo wa kwetu hadi leo, mutu.
Hiyo u tulikuwa nayo.
Mahali fulani njiani, katikati ya mazungumzo
ya watu wasiojua wanapoteza kitu,
mkasi ulipita. Hakuna aliyelia.

Na huyu mwanamke wa glavu za mpira,
kwenye mji usio wake wala wangu,
anaiokota sakafuni,
anaipangusa, ananirudishia
huku akiniomba nishike vizuri ncha yangu ya shuka.

Nikahesabu kwa vidole, kimyakimya:
Mu-ka-si, tatu.
M-ka-si, tatu.
U ilikatwa.
Kiti chake hakuna aliyekigusa.