Nusu ya Nyuma

Asubuhi ya tatu bado ninavua majani.
Nimesimama kwenye uwanja wa shule, Machame,
ufito mkononi, mto uko chini ya mteremko mzima,
na Eliasaria hataki niukaribie.
"Maji hayamfundishi mtu," asema,
"maji yanamuumbua tu."
Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na moja.

Amenibanisha gazeti la juzi kwapani:
likidondoka, kiwiko kimetoroka.
Linadondoka.
Linadondoka tena, na ukurasa wa tanzia
unapepea mpaka kwenye goli lisilo na wavu.

Nguvu, kumbe, si tatizo. Nguvu ninazo,
nimebeba mikungu ya ndizi tangu darasa la pili.
Tatizo ni haraka. Narusha mbele
wakati mshipi ungali nyuma unajikunjua,
nao unalia ta!
kama kiboko cha mchunga ng'ombe,
na nzi wangu (unyoya wa jogoo, uzi mwekundu
wa fundi cherehani wa Boma Ng'ombe)
anakatika, anakwenda zake.
Wa nne huyo.

"Geuza shingo. Utazame.
Usirudi mbele mpaka unyooke."
Nikageuka. Nikauona kwa mara ya kwanza:
mstari wa njano juu ya migomba,
unakwenda, unakwenda, unakunjuka polepole
kama mtu anayekumbuka jina.
Nikasahau kuurudisha.

Ukaangukia uani kwa Mama Aikaruwa,
nzi wa tano akauma jani la masale.
Nikavuta. Jani likang'oka.
Naye yuko mlangoni, ungo mkononi, ananitazama.
Ningefanyaje? Nikaliokota jani lile lile,
nikalipiga fundo kama tufanyavyo tukikosa,
nikamkabidhi kwa mikono miwili,
ndoano ingali ndani.
Alicheka hadi maharage yakamwagika.

Saa kumi tukateremka Weruweru.
Maji ya juu, ya baridi, yakanishika magoti.
Kiwiko. Gazeti ambalo halipo.
Nyuma.
Ngoja.

Ngoja, mwanamke wee.

Sasa.

Nzi akatua juu ya maji bila kuyaamsha.

Samaki sikupata. Kivuli kimoja kilipanda,
kikamkagua nzi wangu, kikashuka.
Eliasaria alisema, "Hm,"
na kwake yeye hiyo ni hotuba.