Thamani: Andika Hapa

Saa tisa usiku, Entebbe. Nzi wa ziwani
wamejibandika kwenye taa kama pilipili manga
iliyomwagwa na mpishi mwenye usingizi.
Mkanda umenitapikia masanduku mawili,
nimeyasukuma hadi kwenye kaunta
kwa goti, kwa kiuno, kwa jina la Mungu.

"Fungua."

Kompyuta za mapajani, kila moja imevikwa soksi
ya sufi, maana nilikotoka baridi ni kali
na soksi kuukuu hugawiwa kama ushauri.

Afisa Tumuhairwe amevua viatu chini ya meza.
Ana muhuri, ana wino, ana chai iliyoganda utando,
na fomu yenye kisanduku kitupu:
THAMANI. ANDIKA HAPA.

Naandika: bure.
Anakata.
Naandika: sifuri.
"Dada, mashine hii haimjui sifuri.
Weka tarakimu yenye miguu."

Bure ghali, walisema waliotutangulia,
ila hawakusema ghali kiasi gani,
wala kama italipwa kabla ya saa moja asubuhi
basi la Arua linapong'oa nanga bila mimi.

Anainua moja, anaipima kiganjani
kama mchuuzi asiyemwamini sangara.
"Hii ni zawadi, au ni taka
mtu ametafuta pa kuitupia?"

Sikukasirika. Swali hilo ni langu pia.
Nililibeba kimoyomoyo kule ghalani
nikifuta vumbi la miaka ya watu wengine,
makombo ya biskuti katikati ya herufi,
kibandiko cha sungura kilichokataa kung'oka.

"Iwashe," namwambia.
Anabonyeza. Tunaikodolea macho
kama wanaongoja uji uchemke.
Feni inakohoa, inakohoa tena,
kisha uso wake wote unageuka buluu.

"Zinakwenda wapi?"

Terego, nasema. Kwa Mwalimu Drajoru,
anayefundisha kompyuta ubaoni.
Amechora kibodi kwa chaki, watoto hupanga foleni
wakabonyeza majina yao, herufi kwa herufi,
na kengele ikilia wanakwenda nyumbani
na ncha za vidole nyeupe,
wameandika kutwa nzima
na hakuna palipoandikwa kitu.

Kimya. Anasoma barua ya msamaha wa kodi.
Kumi na moja, inasema barua.
Anahesabu soksi.
Kumi na mbili.

Ya kumi na mbili nilipewa mlangoni, teksi ikinguruma.
Bibi mmoja aliichomoa mezani pake, ingali vuguvugu,
akaipachika juu ya nyingine bila neno.
"Nyongeza," namweleza afisa,
na hapo tunacheka sote wawili,
kwani nani amenunua nyanya Nakasero
akaondoka bila kudai nyongeza?

Lakini kicheko nacho hakina kisanduku.

"Ningeweza kukosea hesabu," anasema, sauti chini.
"Ila nikikosea leo kwa huruma,
kesho nitaombwa nikosee kwa bei."

Basi nalipa. Nauli inakwenda, ya chakula inaifuata,
na noti ya mwisho, iliyokunjwa mara nne
ndani ya pasipoti, inakunjuliwa kwa aibu.
Muhuri unaanguka: pu!
Kisha, sikumwomba, anaichukua ile ya kumi na mbili
na kuivika soksi yake polepole,
kisigino mahali pa kisigino,
kama mtoto anayetolewa kliniki.

Nje kunapambazuka. Korongo kipara
amesimama juu ya nguzo ya taa, mikono nyuma,
mkaguzi mwingine asiye na haraka.
Simu ya Drajoru inaita mara moja tu.

"Nitachelewa siku moja," namwambia. "Labda mbili."
"Hata wiki. Ziko ngapi?"

Natazama risiti, wino wake bado unachafua kidole.

"Kumi na moja za kupewa," nasema,
"na moja yetu."