Mtaa wa Kinu, Namba Witiri

Heldur amekula viazi vya kulia
mpaka kwenye mstari nisiouona mimi,
akaweka uma, akafuta mdomo nusu:
“Salme, siku hizi unanipunja.”

Sibishi. Naizungusha sahani polepole
na viazi vinamzukia, na samaki wa chumvi,
na kipande cha mkate mweusi.
Anacheka. Anadhani nimemwongeza.

Ilikuwa Februari, theluji imefika madirishani,
na kiharusi hakikubisha hodi.
Kule Tartu daktari, binti mdogo wa kucha zilizotafunwa,
aliweka kiganja kichwani pangu, si pake,
nyuma kidogo ya utosi, juu ya sikio la kulia.
“Ni hapa, mama. Macho yake mazima.
Lakini hapa ndipo macho, ngozi na misuli hukutana
kukubaliana kitu kiko wapi,
mkono uende umbali gani kukifikia kikombe,
mguu upi ni wa nani.
Hapa ndipo dunia hupewa anwani.”

Anwani! Ananiambia mimi, mke wa tarishi.
Miaka thelathini na minne ya mfuko begani,
baiskeli kiangazi, viatu vya theluji masika yasipokuja,
na hakuna barua aliyopeleka mlango usio wake.

Sasa hunyoa shavu moja.
Gazeti analisoma kuanzia katikati ya mistari
na kulalamika kwamba waandishi wamelewa.
Usiku mmoja aliukuta mkono kitandani
akaniuliza, kwa adabu kabisa, ni wa nani.
“Wako.”
“Wangu una pete,” akasema,
akaninyoshea ule mwingine, wenye pete, kunithibitishia.

Kwake kushoto hakupo. Kuna kulia tu.
Na kulia nimeachiwa mimi,
jikoni, bomba likiwa wazi.

Maana mimi ndiye niliyelala kushoto kwake tangu harusi.

Jana, umeme ulipokatika, nilimwambia:
Twende kazini. Fumba macho. Anzia kinuni, panda.
“Namba mbili, fundi saa, halipi stempu.
Nne, walimu mapacha.
Sita, mbwa mweupe, tembea pembeni.
Nane. Kumi. Kumi na mbili, kanisa.”
Na namba tisa?
“Mtaa huu hauna namba tisa.”
Alisema bila shaka yoyote,
kama mtu anayekataa deni asilolikopa.

Nikanyamaza. Mshumaa ukala kidole kizima cha nta.
Vizuri, Heldur. Sasa upe mlango wa kanisa mgongo.
Teremka.

Vidole vyake vikapekua mfuko usiokuwepo.
“Kumi na tatu, mjane wa sajini, hafungui.
Kumi na moja, mzee wa nyuki, hunipa sega.
Tisa…”
Akasimama. Akiwa amekaa, akasimama.
“Tisa, lango la kijani. Kuna msichana
hana hata mmoja wa kumwandikia
lakini kila siku huja getini kuuliza.”
Ukamwambia nini?
“Nilimwambia asubiri.
Kisha nikaenda nyumbani, nikamwandikia.”

Fundi saa sasa hakuwepo. Mapacha hawakuwepo.
Mbwa mweupe alikuwa hajapata kuzaliwa.
Sikuuliza habari zao.

Daktari amekataza nisihamie upande anaouona.
Nikae kule kule, niite, nigonge kijiko kikombeni,
shingo ijifunze njia upya.
Nimebandika utepe mwekundu ukingoni mwa meza,
na asubuhi hii macho yake yameufuata,
yamepita chumvi, yamepita siagi,
yakakwama kwenye chupa ya maziwa.

Bado shibiri moja na nusu.
Niko getini.