Kamera Inayobisha Hodi

Yangu ina miaka kumi na mmoja.
Mpira wa mshikio ulibanduka, nikaugandisha kwa gundi,
ukabanduka tena, nikauzungushia utepe mweusi wa fundi umeme.
Kitufe kimoja kimefutika maandishi; kidole kinakijua.

Mpwa wangu Mbarouk ndiye aliyeanza:
"Mama mdogo, wenzio Unguja washahama.
Za sasa zinalitafuta jicho zenyewe,
zinaona gizani kama paka,
picha zinaruka mpaka kwenye simu
kabla bibi harusi hajashuka jukwaani."
Akanionesha bei. Nikahesabu sifuri kwa ncha ya kucha,
nikarudia, nikidhani moja nimeihesabu mara mbili.

Nisijitie ushujaa. Niliitaka.
Usiku wa harusi ya Konde umeme ulikatika,
jenereta likagoma, na Bi Time Shaame,
ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza,
akacheza.
Nilipiga saba. Zote zilitoka chengachenga,
kama zilizomwagiwa pilipili manga.
Bintiye alizitazama, akasema ahsante
kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Basi karafuu zilipouzwa, fungu langu nikalitia mkobani,
nikapanda boti.
Dukani Darajani, kijana aitwaye Suhail
akaniwekea kiganjani kitu chepesi kama andazi.
Nikamlenga. Kimraba cha kijani kikamrukia jichoni,
kikaganda kama kupe.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza tena. Kimya.
"Mbona haipigi?"
"Ishapiga, mama. Ishapiga kumi na nne.
Ndiyo raha yake: hakuna anayejua."

Hakuna anayejua.

Mimi kazi yangu ni upande wa wanawake.
Naingia asikoingia kaka wala mume,
chumba kinanuka udi na liwa,
nywele zi wazi, migongo imepakwa singo,
na bibi harusi kafunikwa kanga uso mzima,
jicho la kutafutwa halipo.
Wananijua kwa mlio: kwacha!
Wakiusikia, anayetaka hujitengeneza,
asiyetaka huvuta pindo la kanga,
na somo hunyoosha kidole: "Hiyo ifute."
Naifuta mbele ya macho yake.
Kisha huniuliza, hata yule aliyeniuliza juzi:
"Yako hii inarusha?"
"Hairushi. Haijui hata simu ni kitu gani."
Hapo ndipo mabega yanaposhuka,
na picha niliyoijia huanza.

Nilimrudishia Suhail andazi lake.
Akasema mlio upo, waweza kuwashwa,
ni sauti tu iliyorekodiwa.
Nikafikiri: hodi ya kurekodiwa.
Mtu keshaingia, keshakaa kitandani,
ndipo anafungulia kanda: hodi, hodi wenyewe.

Nikanunua lenzi ya mkono wa pili, inayokunywa mwanga zaidi,
betri mbili, na mpira wa mshikio,
ambao haukulingana.
Pesa iliyobaki ilinisumbua mkobani bahari nzima.
Mbarouk bado hajanisamehe. Pengine ana haki:
siku kamera hii ikifa, na haitatoa notisi,
nitarudi Darajani nimefunga mdomo.

Ijumaa niko Mchangamdogo, kwa akina Hidaya.
Nasikia Bi Time naye kaalikwa.
Nitakaa pembeni, karibu na taa.
Akiinuka, nitabisha mara moja.
Nikisikia karibu, naingia.
Nisiposikia, nitaiweka mapajani,
nipige makofi kama wenzangu.