Upepo Usiochoka

Kinanda changu kina filimbi elfu moja na mia mbili,
na zote zimo ndani ya kisanduku cheusi
kinachotosha kwenye rafu ya viatu.
Vibao vya miguu alivichonga kaka yangu Eltjo;
kimoja hulia kama mlango.

Kanisa lenyewe liko Eenwierum, kilomita kumi na nane,
limefungwa. Ardhi ya Groningen imenyonywa gesi
miaka sitini, nayo sasa hujigeuza usingizini.
Kuta zimepasuka toka msingi hadi kengele,
magogo yameegemezwa huku na huku
kama mikongojo ya mtu aliyekataa kulala.

Kabla ya kufuli walikuja vijana wawili na maikrofoni sita.
Usiku saba, magari yakishakwisha barabarani,
walibonya sauti moja, wakangoja mwangwi ufe,
wakabonya inayofuata.
Walichukua yote: pumzi ya viriba, mtetemo wa bati,
na njiwa aliyejigeuza kiotani
wakati wa Sol ya chini kabisa.
Kila niifikiapo Sol hiyo, njiwa hujigeuza.

Sijui niite nini. Wizi. Akiba.

Asubuhi napiga vya kale, vya kaskazini,
sauti nne zikifukuzana kwenye ngazi
kama watoto, nani amguse nani.
Hapo kinanda kiko kwao.
Jioni hunijia uchu wa Wafaransa,
wale wa baadaye, wa moshi na mahameli,
na kinanda cha mwaka 1694 hakiijui nchi hiyo.
Kimelinganishwa kwa desturi ya zamani:
katikati safi, pembezoni kafungwa mbwa mwitu.
Nikivuka bemoli ya nne, analia.
Kompyuta humfukuza kwa kitufe kimoja.
Nilijaribu. Kinanda kikaimba kama mzee
aliyevaa meno ya mtu mwingine.
Nikamrudisha mbwa mwitu wangu.

Napiga nimevaa spika za masikioni;
fleti za Delfzijl zina kuta za biskuti.
Chini yangu anakaa Luurt Bolhuis, miaka themanini na sita.
Siku moja ndani ya lifti, bila salamu:
"Jana mguu wako wa kushoto ulichelewa. Mara tatu."
Nikaanza kuomba radhi kwa kelele.
"Muziki siusikii," akasema. "Nasikia miguu tu.
Mwaka wa arobaini na tisa nilikanyaga viriba Eenwierum,
nyuma ya kinanda, gizani, senti kumi kwa ibada.
Huko nyuma nako ni miguu tu."

Nikampandisha. Nikamvisha spika,
nikavuta vishikizo vyote,
nikaangusha vidole kumi na visigino viwili.
Hakulia, kama nilivyotarajia.
Alikunja uso.
"Upepo huu hauchoki," akasema.
"Mzigo kama huo ungenishusha hadi magotini,
na sauti ingeyumba, kidogo tu, kama mwali wa taa.
Hapa nani anakanyaga?"

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma.
Sikumwonyesha.

Alishuka kwa ngazi; lifti hakuitaka.
Tangu siku hiyo, kabla sijaanza,
nagonga sakafu kwa kisigino, mara moja,
mahali pa ile kengele iliyomwamsha mkanyagaji,
nami nangoja.
Mpini wa ufagio hujibu kutoka chini, mara mbili:
upepo upo.

Na penye mizigo mizito, siku hizi,
nachelewa makusudi,
nimwachie muda wa kushusha mguu.